Kuchagua cheni bloku salama kwa kazi za kiwandani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya kuhusu cheni bloku, mashine ya kunyanyulia mizigo kwa kuvuta mnyororo kwa mkono, ni ya mafundi, wasimamizi wa karakana na watu wa manunuzi. Wengi huanza kwa kuuliza bei na tani, kisha hutafuta mahali pa kuifunga mashine ikishafika. Mpangilio salama ni kinyume chake: ujue mzigo, ujue mahali pa kuning'inizia, ndipo uchague mashine.

Mtu mmoja anawezaje kunyanyua tani nzima kwa mkono?

Kwa gia. Cheni bloku ina minyororo miwili. Mnyororo wa mkono ni mwembamba, umeunganishwa ncha kwa ncha, na ndio unaouvuta. Mnyororo wa mzigo ni mgumu zaidi na ndio unaobeba ndoano ya chini. Katikati yake kuna gia zinazopunguza mwendo na kuongeza nguvu.

Nguvu hiyo unailipia kwa urefu. Kunyanyua tani 1 kwa mita 1 huhitaji uvute takriban mita 40 za mnyororo wa mkono, ukivuta kwa nguvu ya kilo 30 hivi na kitu. Ndiyo maana kazi ni ya polepole, na upolepole huo ni faida: unapofunga injini au kuketisha pampu kwenye bolti zake, unaweza kusogeza mzigo milimita moja moja.

Nichague ya tani ngapi?

Pima uzito kwanza. Usikisie kwa macho. Angalia kibati cha mashine inayonyanyuliwa, hati zake, au uhesabu mwenyewe. Chuma kina kilo 7,850 kwa mita moja ya ujazo, zege takriban 2,400, maji 1,000. Bamba la chuma la mita mraba moja lenye unene wa milimita 10 lina kilo 78.5. Shafti ya chuma yenye kipenyo cha milimita 200 na urefu wa mita 3 inafika karibu kilo 740, ingawa ukiiona imelala chini utadhani ni nyepesi zaidi.

Kisha ongeza vilivyojificha: oili iliyobaki ndani ya gia boksi, maji ndani ya tangi, tope, msingi wa chuma uliofungwa chini ya mota, slingi (mikanda au minyororo ya kufungia mzigo) na pingu (vyuma vya kuunganishia slingi) utakazotumia. Tangi la lita 500 ambalo halikumwagwa maji linaongeza nusu tani ambayo haimo kwenye hati yoyote.

Jambo baya kuliko yote ni mzigo ambao bado umeshikwa. Bolti moja iliyosahaulika au gasketi iliyoganda hufanya uzito halisi usiwe na maana tena, kwa sababu sasa unavuta jengo na msingi wake. Mashine inapokuwa nzito ghafla kabla mzigo haujaondoka sakafuni, simama uzunguke mzigo wote ukitafuta kinachoushika.

Ukishapata jumla, chukua kipimo kinachofuata juu. Vipimo vya kawaida ni nusu tani, 1, 1.5 au 1.6, 2, 3, 5, 10 na 20. Mzigo wa kilo 850 pamoja na vifaa vyake uende kwenye mashine ya tani 1. Wa kilo 980 nisingeuweka hapo, ningechukua ya tani 1.5.

Basi si bora ninunue kubwa kabisa ili nisiwe na wasiwasi?

Hapana. Mashine kubwa ni nzito kuibeba na kuifunga juu, hula nafasi zaidi chini ya boriti, na breki yake huhitaji uzito ili ibane vizuri. Mzigo mwepesi mno ukilinganishwa na uwezo wa mashine huenda usiibane breki ipasavyo. Mashine ya tani 10 haifai kwa mota ya kilo 100.

Mnyororo una nguvu mara nne ya uzito ulioandikwa. Kuzidisha kidogo kuna ubaya gani?

Ni kweli kwamba mnyororo wa mashine hizi hutengenezwa ili ukatike kwenye uzito usiopungua mara nne ya ule ulioruhusiwa. Lakini ziada hiyo tayari ina wenyewe. Sehemu moja inalipia kuchakaa, nyingine inalipia mishtuko mzigo unapoteleza au kuanguka kidogo ndani ya slingi, nyingine inalipia makosa ya kukadiria uzito. Ukiitumia kwa makusudi, hakuna kilichobaki siku mshtuko utakapokuja.

Tena, mnyororo ni sehemu moja tu. Ndoano huanza kufunguka, meno ya gia na visahani vya breki huumia, na boriti ya juu huenda haikuwahi kuhesabiwa kwa uzito huo. Mashine iliyowahi kuzidishiwa inaweza kuonekana nzima huku imeshaharibika ndani.

Kuna ishara rahisi ya kuzidisha: watu wawili kuning'inia kwenye mnyororo wa mkono. Mashine hizi hupimwa ili mtu mmoja aweze kuivuta ikiwa na mzigo wake kamili. Mmoja akishindwa, ama mzigo umezidi, ama umeshikwa, ama mashine ni mbovu. Baadhi ya mashine kubwa, kama za tani 20, zimeundwa na minyororo miwili ya mkono kwa watu wawili. Hizo maelekezo yake husema wazi.

Breki inafanyaje kazi, na nitajuaje kuwa ni nzima?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mnunuzi aulize, maana breki ndiyo inayoshika mzigo unapoachia mkono. Nyingi hutumia breki ya aina ya Weston, iliyopewa jina la Thomas Aldridge Weston, mvumbuzi wa karne ya 19.

Gurudumu la mnyororo wa mkono limefungwa kwenye shafti kwa hesi, kama nati kwenye bolti. Ukivuta kupandisha, gurudumu hujikaza na kubana visahani vya msuguano pamoja na gurudumu la meno lililo katikati yake. Vyote huzunguka pamoja, na kikwamizi, kijiti cha chuma kinachoingia kati ya meno, huruka jino baada ya jino. Ndiyo ile sauti ya ta-ta-ta unayoisikia. Ukiacha kuvuta, mzigo hutaka kurudisha shafti nyuma. Lakini gurudumu la meno limeshazuiwa na kikwamizi, na ule msukumo wa kurudi nyuma ndio unaozidi kubana visahani. Kwa hiyo mzigo wenyewe ndio unaofunga breki. Unapovuta kushusha, unalegeza hesi kidogo, mzigo unashuka kidogo, unajifunga tena, unalegeza tena.

Ukielewa hapo, mengine yanajieleza. Oili au grisi kwenye visahani huua breki, isipokuwa pale mtengenezaji alipounda breki ya kufanya kazi kwenye oili na kusema hivyo. Kushusha mzigo mzito umbali mrefu bila kupumzika huchemsha visahani. Na kama sauti ya kikwamizi haisikiki wakati wa kupandisha, au inasikika jino moja tu kwa vipindi visivyolingana, mashine isinyanyue kitu mpaka ifunguliwe na fundi anayeijua.

Jaribio la kila kazi ni fupi: nyanyua mzigo sentimita 10 kutoka sakafuni, acha mnyororo wa mkono, subiri, tazama. Mzigo ukishuka hata kidogo, urudishe chini. Hakuna kiasi cha kuteleza kinachokubalika.

Niangalie nini kwenye mnyororo wa mzigo?

Daraja lake, na kama ni wa mashine hiyo kweli. Mnyororo wa kunyanyulia huwa wa chuma cha aloi kilichopitishwa kwenye moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu. Daraja la 80, linalotumika sana, hukatika kwenye mkazo wa takriban niutoni 800 kwa milimita mraba. Alama hugongwa kwenye baadhi ya pete kwa vipindi. Mnyororo wa mashine wa daraja T, unaoelezwa kwenye viwango vya ISO 3077 na EN 818-7, una vipimo vinavyodhibitiwa kwa ukaribu sana kwa sababu kila pete lazima iketi sawasawa ndani ya mifuko ya gurudumu linaloupandisha mnyororo huo.

Hapo ndipo watu huumia. Mnyororo wa slingi unaweza kuwa na unene uleule na nguvu ileile, lakini hatua ya pete zake (urefu wa ndani wa kila pete) haikupimwa kwa gurudumu hilo. Utapanda vizuri mara kadhaa, kisha pete moja itaketi juu ya jino na kuruka. Mnyororo wa kufungia lango au kuvutia gari haufai hata kufikiriwa. Ukichakaa, agiza wa mashine hiyo kwa namba yake.

Mashine nyingine zina mnyororo mmoja, nyingine umepita mara mbili. Ipi salama zaidi?

Zote ni salama zikitengenezwa vizuri. Ukipita mara mbili, kila upande hubeba nusu ya mzigo, ndiyo sababu mashine ya tani 5 inaweza kutumia mnyororo usio mnene sana. Tahadhari yake ni moja, lakini ni kubwa: ndoano ya chini inaweza kupinduka na kupita katikati ya minyororo miwili, nao ukasokotwa. Mnyororo uliosokotwa ukibebeshwa mzigo hupinda pete na kukwama kwenye gurudumu. Kabla ya kila kunyanyua fuata mstari wa mahali pete zilipochomelewa, kutoka juu hadi chini. Ukiona mstari unazunguka, ndoano imepinduka.

Ndoano nzuri ikoje?

Imefuliwa kwa chuma cha aloi, haikumiminwa kwenye kalibu. Ikizidiwa, hufunguka polepole na kukuonya badala ya kuvunjika ghafla. Inazunguka yenyewe bila kugoma, na ina ulimi wa usalama wenye springi inayourudisha mahali pake. Uwezo wake uwe umegongwa kwenye chuma chenyewe.

Andika kipimo cha mdomo wa ndoano siku unayonunua. Bila kipimo hicho, miaka miwili baadaye hutajua kama imefunguka. Ikiongezeka zaidi ya asilimia 5, ikichakaa zaidi ya asilimia 10 mahali popote, au ikionekana kupinda upande, iondoe kazini. Mtengenezaji akiwa ameweka kikomo kikali zaidi, fuata hicho. Usiipashe moto kuirudisha umbo, wala usiichomelee. Moto huharibu ugumu uliowekwa kiwandani, na hakuna jicho linaloweza kuona madhara hayo.

Urefu gani wa kunyanyua unatosha?

Mashine nyingi huja na mita 2.5 au 3. Pima kutoka mahali ndoano ya juu itakapofungwa hadi mahali ndoano ya chini inapotakiwa kufika, hata kama ni ndani ya shimo. Kwa mnyororo mfupi watu hushusha mpaka mwisho kabisa, wakategemea pini ya kuzuia badala ya gurudumu.

Kipimo kinachosahaulika ni cha upande wa pili: umbali kati ya ndoano mbili mashine ikiwa imepandisha mpaka mwisho. Kwa tani 1 huwa milimita 300 hadi 400 hivi, na huongezeka kadiri uwezo unavyokua. Ongeza urefu wa slingi na kimo cha mzigo. Kama boriti yako iko mita 3 kutoka sakafuni, na mzigo wenye kimo cha mita 1.8 unatakiwa kupita juu ya benchi la mita 0.9, zinabaki milimita 300 tu za mashine na slingi pamoja, na kazi hiyo haitawezekana.

Naweza kuifunga kwenye kenchi la paa?

Usifanye hivyo mpaka mhandisi wa majengo ahesabu na kuandika. Kenchi limeundwa kubeba paa. Mahali pa kuning'inizia panabeba mzigo, mashine yenyewe, slingi, na pia nguvu ya mvutaji, maana anavuta kuelekea chini.

Ukishapata boriti inayofaa, tumia klampu ya boriti au toroli (kigari kinachotembea kwenye boriti) iliyopimwa kwa upana wa ukingo wa boriti hiyo. Toroli iwe na vizuizi imara kwenye ncha zote mbili za boriti. Ndoano ya juu ikae ndani kabisa ya mviringo wake, mzigo usibebwe na ncha, na ulimi ufunge. Usizungushe mnyororo wa mzigo kwenye boriti kisha ukaufunga kwa ndoano yake. Utaona watu wakifanya hivyo kwenye maeneo ya ujenzi kila siku, na bado ni hatari kila siku.

Nichukue cheni bloku au winchi ya mpini, ile ya kupiga mpini huku na huku?

Inategemea utasimama wapi. Cheni bloku ni ya kunyanyua wima, na urefu wa mnyororo wa mkono hukuruhusu kusimama kando ya mzigo. Winchi ya mpini hufaa kuvuta kwa ulalo, kukaza, kusogeza bomba mpaka flanji zikutane, lakini mtumiaji yuko karibu sana na mzigo. Kwa kunyanyua vitu vizito mara kwa mara, ningechagua cheni bloku bila kusita. Na usiongezee bomba kwenye mpini wa winchi ili upate nguvu zaidi. Urefu wa mpini ule ndio kikomo chake.

Naweza kuvuta mzigo kwa upande, au kutumia mashine mbili kwa mzigo mmoja?

Kuvuta kwa upande kwa cheni bloku ya kuning'inia, hapana. Mnyororo hukwaruza mlango wake wa kuingilia, ndoano hubebwa upande, na mzigo ukiachia sakafu hubembea kuelekea kwa watu.

Mashine mbili zinawezekana, kwa mpango wa maandishi na mtu mmoja tu anayetoa amri. Pembe ndiyo inayodanganya. Mzigo wa kilo 1,000 ukigawanywa kwa minyororo miwili iliyo wima, kila mmoja una kilo 500. Ikiinama digrii 45 kutoka wima, kila mmoja una karibu 710. Kwa digrii 60, kila mmoja una kilo 1,000 kamili, huku boriti zikivutwa kwa nguvu kuelekeana. Isitoshe, mmoja akivuta haraka kuliko mwenzake, uzito huhamia upande mmoja. Ninashauri kila mashine iwe na uwezo wa kubeba mzigo wote peke yake.

Kidhibiti cha uzito kupita kiasi kina maana?

Kinafaa sana pale mashine inapotumiwa na watu wengi. Klachi huteleza mzigo ukizidi. Hakiondoi wajibu wa kujua uzito.

Nikiwa dukani, nitatambuaje mashine isiyoaminika?

Anza na kibati: jina la mtengenezaji, uwezo, namba ya mashine, ukubwa wa mnyororo, na kiwango kilichofuatwa, kwa mfano EN 13157 au ASME B30.16. Halafu omba cheti cha majaribio na ulinganishe namba. Cheti kisicho na namba ya mashine hiyo ni karatasi tu. Herufi zilizochapwa kwenye rangi hazithibitishi chochote bila hati nyuma yake.

Kisha tumia mikono. Vuta mnyororo wa mkono bila mzigo, pande zote mbili. Kukwamakwama, gurudumu linaloyumba au kifuniko cha bati laini linalobonyea kwa kidole ni sababu ya kuondoka. Tafuta alama ya daraja kwenye pete, isipokuwapo, usinunue. Uliza pia kama visahani vya breki, springi na mnyororo wa akiba vinapatikana. Mashine isiyo na vipuri itakuja kutengenezwa kwa vipande vya kubuni.

Na iliyotumika?

Nunua tu kama ina kibati na kama muuzaji anakubali ifunguliwe, ikaguliwe na ijaribiwe na mtu mwenye ujuzi kabla hujalipa. Rangi mpya juu ya mnyororo ni onyo, kwa sababu huziba nyufa na kutu.

Mazingira yetu yana kemikali, chumvi au joto. Kuna tofauti?

Ipo kubwa. Asidi na mvuke wake vinaweza kuufanya mnyororo mgumu wa aloi uwe mwepesi kuvunjika na ukatike bila kuonya. Kwa sababu hiyo hiyo usiusafishe kwa asidi wala usiupeleke kuchovywa zinki. Kinga ya kutu iwe ya mtengenezaji. Mashine nyingi za kawaida zimekusudiwa joto la kati ya −10 na nyuzi 50 hivi, kwa hiyo mdomoni mwa tanuri uliza kwanza. Penye gesi au mvuke unaolipuka hutakiwa mashine maalumu isiyotoa cheche. Na popote penye uchomeleaji, mnyororo usiwe njia ya umeme wa kuchomelea wala usiguswe na cheche zake.

Inaweza kunyanyua mtu?

Hapana. Wala mtu asisimame au kupita chini ya mzigo.

Ikaguliwe mara ngapi, na nini kipimwe?

Mtumiaji aiangalie kabla ya kila zamu: ndoano, ulimi, mnyororo, sauti ya kikwamizi, breki. Ukaguzi wa kina wa mtu mwenye ujuzi ufanyike angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kazi ikiwa nzito au mazingira yakiwa makali. Sheria za nchi nyingine zinaweka muda wenyewe. Uingereza, kanuni za mwaka 1998 za vifaa vya kunyanyulia hutaka kwa kawaida miezi 12 kwa mashine na miezi 6 kwa vifaa kama slingi na pingu.

Mnyororo upimwe kwa kalipa, kwa pete kadhaa pamoja. Chukua mnyororo wa milimita 6 wenye hatua ya milimita 18: pete 11 zikiwa mpya hutoa milimita 198. Zikifika 202, umerefuka asilimia 2. Kikomo hutolewa na mtengenezaji, mara nyingi kati ya asilimia 1.5 na 3. Pima pia unene mahali pete zinapogusana, kwa sababu huko ndiko kunakoliwa kwanza. Upungufu wa asilimia 10, yaani 5.4 badala ya 6, ni mwisho. Pima sehemu inayopita kwenye gurudumu kila siku, usipime tu ile safi iliyo karibu na ndoano.

Nitie oili wapi?

Kwenye mnyororo wa mzigo, oili nyepesi, pale pete zinapogusana. Mnyororo mkavu huchakaa haraka mno. Gia zipate grisi wakati wa matengenezo. Ndani ya kifuniko cha breki usipulize chochote. Baada ya kazi itundike mahali pakavu. Mnyororo usiachwe kwenye mchanga.

Mzigo uko juu na mnyororo umekwama. Nifanye nini?

Kwanza ondoa watu wote na zungushia eneo kizuizi. Usivute kwa nguvu, usipige kwa nyundo, usifungue kifuniko. Breki ndiyo inayoshika mzigo. Ingiza tegemeo imara chini ya mzigo bila kuingiza mwili wako, au ulete mashine ya pili yenye uwezo wa kubeba mzigo wote, iliyofungwa mahali pake pa kujitegemea. Hamishia uzito huko, uushushe mpaka chini, na hapo ndipo uishushe ile iliyokwama. Ifungie lebo ya kutotumika na uiweke pasipo mtu wa kuichukua kwa bahati mbaya, mpaka sababu ijulikane na ijaribiwe upya.